Kikohozi Kabla ya Kiitikio

Muuza nyimbo wa Kahama alinipa flashi mbili nichague. Kila moja ilikuwa na kazi zote za marehemu manju wetu, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma kwetu. Ya kwanza ilinakiliwa kutoka kanda zilizorekodiwa uwanjani, pamoja na kelele zake. Ya pili ilikuwa na nyimbo zilezile, wana wa manju wakiziimba upya studio, na waitikiaji wapya.

"Chukua hii, dada, ni safi," alisema akinisogezea ya pili. Nilimwambia aniache nisikilize.

Kaka yangu alikuwa mwitikiaji wa manju kabla hajaenda Geita kuchimba dhahabu. Duara, shimo la wachimbaji, lilimfukia, na hatukupata mwili wa kuzika. Kwenye rekodi ya uwanjani, katika wimbo wa mavuno, anasikika akikohoa mara moja kabla ya kuitikia. Ndivyo alivyokuwa. Hata nyumbani alikohoa kwanza, ndipo apige hodi.

Nilirudia kukisikiliza kikohozi kile mara tatu pale kibandani. Nikanunua ile safi, isiyo na sauti yake. Nilijiambia namwonea mama huruma, lakini nilikuwa najidanganya; mwoga ni mimi.

Jioni niliiweka kwenye redio, mama akisonga ugali. Ulipofika wimbo wa mavuno, kabla ya kiitikio, mahali pa kikohozi, ambapo sasa hapakuwa na kitu, mama aliacha mwiko akageukia mlango.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Unakohoa nini hapo nje?"