Karatasi Mbili Chini ya Maua

Usinitafutie maelezo. Wengine wameshanitafutia: ati nilikuwa na njaa, ati jua lilinipiga kichwani, ati ilikuwa ndoto. Sikuwa nimelala. Nilikuwa na mkasi mkononi, saa tisa mchana, mbele ya nyumba tunamopanga hapa Katuba, Lubumbashi, na yule mama nilimwona kama ninavyokiona kidole changu. Nikikumbuka, kinachonijia kwanza si woga. Ni hasira.

Kazi yangu ni kupamba samani za zamani. Watu wananiletea kabati lililopauka au kiti kilichochubuka, nami nakata maua na ndege kutoka kwenye kalenda na magazeti, nabandika, halafu napaka verni, yaani vanishi, mpaka ukipitisha kiganja husikii karatasi inapoanzia. Nilijifunza mwenyewe. Wazazi wetu walipokufa, ndugu za baba walibeba kila kitu, hata kitanda, na mimi mkubwa nikaacha shule ili wadogo zangu wawili waendelee. Wanaendelea. Hayo yatoshe.

Jumatatu ile yule mama alikuja amebeba kimeza kichwani. Kimeza kibaya, niseme ukweli: mguu mmoja mfupi, mbao imetobolewa na wadudu. Miguu yake mwenyewe ilikuwa na udongo mwekundu, mbichi, hadi magotini, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne. Niliuona ule udongo. Sikuuliza.

Akanipa karatasi mbili zilizoandikwa Kifaransa, zenye mhuri.

“Hizi njo utatanguliza kubandika, uso ku mbao. Juu yake utiye maua mingi.”

Wateja wengi huniletea karatasi kuukuu za kusawazisha mbao mbovu, kwa hiyo sikushangaa. Na kusoma najua, niamini. Sikusoma tu.

“Usitiye kole ya bamenuizie,” akaendelea. “Upike kole ya bunga. Na verni, apana.”

Nikacheka. “Kole ya bunga, mama? Bamende batakula yote mu wiki moja!”

“Bakule maua. Weye fanya vile ninakuambia.” Akanieleza nyumba yake huko Makomeno, nimpelekee Ijumaa, akaondoka.

Sasa sikiliza kosa langu. Nani anifundishe kazi ninayoifanya miaka yote hii? Nilitia gundi ya maseremala, ile ile kole aliyonikataza, nikasugua kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hakuna povu lililobaki, nikapaka verni mara nne. Kilipendeza kile kimeza, wee!

Ijumaa nikakipeleka. Nje ya ile nyumba kulikuwa na turubai na viti vya matanga. Vijana walikuwa wanapakia makochi na friji kwenye gari. Juu ya kiti kimoja kulikuwa na picha ya marehemu, na marehemu alikuwa yeye, mama wa udongo mwekundu.

Mwanamume mmoja mwenye koti zuri alikuwa akiwaamuru wapakiaji. Alikuwa kaka wa mume wa marehemu, na mume huyo alishakufa zamani.

“Weye, nani alikutuma?”

“Mwenye hii foto. Alikuja kwangu Jumatatu.”

“Tulimuzika siku ya posho!” Yaani Jumamosi, siku mbili kabla hajaja kwangu. “Umekunywa nini, mama? Acha ile kitu pale, batapikia bukari.”

Yaani kiwe kuni za kupikia ugali. Watu wakacheka. Msichana mmoja tu hakucheka. Alikuwa kama wa miaka kumi na mitano, wadogo zake wameshika sketi yake. Anaitwa Mwansa. Alinivuta mkono, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya, mama alikuachia karatasi? Baba mukubwa anasema, kama hatuna karatasi ya nyumba, tutoke leo. Mama ku hopitali alituambia: mutaona meza ya maua, muoshe na maji. Hatukuelewa.”

Mimi nilielewa. Zile karatasi mbili zenye mhuri zilikuwa hati za nyumba, na gundi ya unga inayeyuka kwa maji. Na wanyang'anyi wanatafuta kwenye masanduku na chini ya magodoro; nani angebeba kimeza kibovu cha mguu mfupi?

Nikanyakua ndoo. Maji yakateleza juu ya verni kama juu ya jani la muhogo. Nikaomba kisu. Nikakwangua, nikalia, nikakwangua, na karatasi ikatoka vipande vipande pamoja na mbao. Nusu ya mhuri. Maneno mawili. Yule bwana akainama, akaokota kipande, akakisoma taratibu, akakitia mfukoni.

“Aksanti, fundi.”

Nilimtukana. Nilimwita mwizi wa yatima mbele ya wote, na sioni haya. Walinisukuma nje. Leo Mwansa na wadogo zake wako kwa bibi yao, mtaa wa Kenya hapa hapa mjini, watu saba chumba kimoja, na ile nyumba ina watu wengine.

Na mimi? Tangu siku ile, chochote ninachobandika kwa gundi ya dukani kinabanduka. Asubuhi nakuta maua yangu sakafuni, yote yamelala kifudifudi, na kuna harufu ya udongo uliochimbwa. Wateja wamenikimbia. Siku moja nilisimama mlangoni nikamkaripia yule marehemu kwa sauti, majirani wakisikia: “Mama, nilikosa, ninakubali! Lakini mwizi iko kule, anakulia mu sahani zako! Juu ya nini hauendi kwake? Juu ya nini haukusema wazi?” Nasikia yule bwana amenenepa.

Basi nakuambia wewe unayesoma, wewe mwenye nyumba na watoto. Leo, kabla chakula hakijaiva, mwite mtoto wako mkubwa. Mwonyeshe karatasi zilipo, azisome kwa sauti mbele yako, na jirani asikie. Usingoje uzikwe ndipo uje kunitafuta mimi.