Mwalimu wa Kuosha Maiti

Nimeosha maiti wa kike hapa Likoni miaka ishirini na sita, na sijawahi kupigiwa makofi. Si kazi ya makofi. Ukiitwa unakwenda, hata kama chungu kiko motoni. Unafunga mlango, unaosha, unavisha sanda, unanawa, unarudi kwako. Ulichokiona kwa maiti hukisemi. Shangazi yangu alinifunza hilo kabla hajanipa kata ya maji mkononi: mwenye kutoa siri ya maiti ni sawa na aliyemvua mtu nguo sokoni.

Basi akaja yeye. Ni binti wa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Aliolewa Nairobi, akakaa huko miaka mingi, akarudi na sauti. Sitasema uongo, sauti ile Mungu alimpa. Akikuamkia shikamoo unajiona mtu mkubwa mtaani. Uso wa kutazamika, buibui za kupendeza, na jina la kila mjukuu wa kila mtu alilijua. Wanawake wa chama chetu cha maziko, ambao kuwatoa kibaba cha mchele wa matanga ni vita, walimpenda kwa siku moja.

Aliniomba nimchukue kwenye kuosha, nikamchukua mara mbili. Mara ya kwanza alishika shuka la kumsitiri marehemu. Mara ya pili alisimama mlangoni na chetezo cha ubani. Ilimtosha. Akaenda Kongowea kwa wauza mitumba, akanunua ile sanamu ya plastiki ya kuvalishia nguo, akafungua darasa pale madrasani. Alifundisha kwa kipaza sauti, wanawake wakalia. Wakamrekodi kwa simu, video ikazunguka, akaalikwa Kisauni na Changamwe. Kila mwanafunzi alipewa cheti chenye maua pembeni.

Nilikwenda kumsikiliza siku moja. Dua zote alizijua, tena kwa matamshi yanayonishinda mimi. Lakini sanamu haina tumbo. Viungo vyake havikakamai, na unaigeuza kwa mkono mmoja. Maiti ni mzito, na kabla ya kumtawadhisha lazima umbonyeze tumbo taratibu, utoe kilichomo, usafishe kwa kitambaa ulichojifunga mkononi, na uso wako usibadilike. Kazi yenyewe iko hapo. Yeye alipofika hapo alisema, "Kisha tunamsafisha," akaendelea na dua.

Mkutano uliofuata chama kilimfanya mkuu wa waoshaji. Alisimama, akanishika mkono mbele ya wote.

"Mama zetu hawa waliosha kwa mapenzi," alisema, "ingawa elimu hawakuwa nayo. Sasa tuwapumzishe."

Wakapiga makofi. Nikapewa doti ya kanga kwa kuagwa. Siku ile ile niliikata matambara ya jikoni, na nilipomaliza nikalia kwa hasira, nikaapa, wallahi, iko siku. Sikumwombea mtu kufa. Lakini watu hufa, na mimi nina subira.

Miezi ikapita na yeye hakuguswa na tone la maji. Palipotokea msiba alibaki nje akiwafariji wafiwa, na ndani waliosha wanawake wawili watu wazima niliowafunza mimi. Wakishamaliza, yeye ndiye aliyetoka mbele kuwaambia wafiwa kwamba marehemu wao yuko tayari. Wakamshukuru yeye.

Kisha mamake akafa.

Kwetu, mwenye haki ya kwanza ya kumwosha mama ni bintiye. Na huyu alikuwa binti na mwalimu pia. Wale wawili wangu hawakuthubutu kumtangulia. Walikaa kwenye mkeka kwa heshima, wakimpisha, na wanafunzi watano wakaingia naye chumbani wakione kitendo chenyewe cha mwalimu wao. Cheo alichonipokonya ndicho kilichomsukuma ndani akakosa wa kujificha nyuma yake.

Mimi nilikuwa nimekaa na wafiwa. Haukupita muda, mwanafunzi mmoja akatoka, akaniinamia.

"Mama, mwalimu anakuita."

Nilijua anachoniitia. Nikamaliza kahawa yangu kwanza.

Nilimkuta amesimama kando ya kitanda, kitambaa mkononi, amekauka. Akaninong'oneza, "Mama, nishikie." Nikafunga komeo, nikasimama mbele ya mlango.

"Haki hii ni yako, mwalimu," nikamwambia, na sikunong'ona. "Mamako anakungoja. Mimi nitamimina maji."

Akapeleka mkono, akaurudisha. Akapeleka tena, akaurudisha. Mara ya tatu alikimbilia mlangoni, akanikuta pale, akatapikia pembeni mwa ukuta. Wanafunzi wake wakatazama sakafu. Ningeweza kumwokoa tangu mara ya kwanza, na sikutaka. Nilisimama na kata yangu nikimtazama, na raha niliyoipata sikuipata hata siku ya harusi yangu. Nilitaka idumu.

Ila jirani yangu alikuwa amelala pale, na yeye hakunikosea kitu. Ndiyo maana nilitwaa kitambaa. Nikamwambia binti ashike kichwa cha mamake na asitazame pembeni, na kila alipogeuza macho nilimrudisha kwa jina la ualimu wake. Nilivyomkuta marehemu siyasemi. Alitoka chumbani safi, amevishwa vizuri.

Nilidhani nimemmaliza. Siku ya tatu, kwenye hitima, alishika kipaza sauti upande wa wanawake.

"Nimemwosha mamangu kwa mikono hii," alisema, akaiinua. "Peke yangu. Nikahisi ananibariki."

Uwanja mzima ulilia. Kati ya wale wanafunzi watano, wawili niliowaona kwa macho yangu walilia pia, na walikuwa ndani! Ikatangazwa papo hapo kwamba msikiti utajenga chumba cha kuoshea, na msimamizi atakuwa yeye.

Nikasimama. Watu wakanigeukia, wakangoja. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini ukisema hakumwosha, utaulizwa kwa nini. Ukisema alikimbia, utaulizwa alikimbia nini. Swali la tatu lingekuwa limeshafika tumboni mwa mamake, mbele ya umati unaokula pilau yake. Nikakaa. Yeye alinitazama, akatabasamu, akaniletea sharubati kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba sitasema. Amana yangu mimi ndiyo iliyomsitiri yeye.

Kikombe kile sikukinywa. Nilikimwaga chini mbele yake, wakasema nimezeeka, mkono unatetemeka.

Chumba sasa kimejengwa, kina vigae na bomba la maji moto. Yeye hukifungua asubuhi na kuwaonyesha wageni. Wanaoosha ndani ni wale wawili wangu, na mimi naitwa mambo yakiwa magumu. Nimeyatafuna haya miezi mingi, mpaka nikaona jambo ambalo hasira ilinificha siku ya hitima. Wa kusitiriwa ni mamake, na mpaka hapa hakuna aliyesoma haya niliyoandika anayejua alikuwaje siku ile. Binti yuko hai. Anakula, anahutubu, ana macho ya kusoma.

Mtaniambia kusengenya ni dhambi. Kusengenya ni kumsema mtu nyuma yake, na haya namwandikia yeye, ayasome mbele ya wanafunzi wake kwa sauti ile yake nzuri. Akinikanusha, hatutagombana. Maiti ajaye, aingie yeye kwanza.