Jioni Niliyomwita Bwana Maendeleo Aje Aone Giza

Hili jambo nalisimulia nikiwa naangalia pembeni, maana mpaka leo kuna watu pale Lushoto tukikutana sokoni wananisalimia vizuri kabisa, shikamoo Mama Eliamani, halafu wakishanipita kidogo nawasikia wanacheka, na siwalaumu, hata mimi ningecheka kama aliyeaibika angekuwa mtu mwingine.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, nami nilikuwa balozi wa nyumba kumi kwenye mtaa wetu ulioko mlimani, juu ya soko. (Wanawake mabalozi wakati ule hawakuwa wengi, kwa hiyo nisiwadanganye, nilikuwa natembea shingo juu.) Umeme ulikuwepo bomani, hospitalini na kwenye barabara kuu, lakini kwetu ilikuwa njia ya udongo inayoteremka kwa kasi, na kando yake mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Humo mtaroni ndimo alimoangukia mkunga wetu, Bi Mwanaidi, jioni moja alipokuwa anakimbilia mzazi. Akavunjika mkono, na yule mzazi akajifungulia mikononi mwa mama mkwe wake, mtu ambaye hata kuona damu ya kuku hawezi. Mtoto alipona kwa bahati tu. Basi tukakutana, Waislamu na Walutheri, wote tukasema sasa inatosha, tunataka taa.

Nikaenda bomani kwa Bwana Maendeleo, yule ofisa wa maendeleo. Alikuwa kijana mpole, mtu wa Lindi, hajazoea baridi yetu, anavaa sweta mbili moja juu ya nyingine. Akaniambia, "Mama, mashine ya umeme inakula mafuta, na mafuta yamekuwa shida." Nikamjibu kwamba hatutaki taa kubwa kama za bomani, tunataka zile ndogo zisizokula umeme mwingi, fundi mmoja wa umeme ametuambia zipo, zituonyeshe mtaro tu basi. Akasikiliza, akasema, "Nitalifikiria."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuaga niende zangu kupalilia kabichi. Lakini mimi, balozi, nikaona hilo si jibu, nikasema, "Basi njoo Jumamosi, jua likishazama, ulione hilo giza kwa macho yako." Akakubali.

Jumamosi niliichagua kwa sababu nilitaka nipate nafasi ya kumpikia kuku. Habari za mwezi sikuzifikiria hata kidogo, maana siku zile ukungu ulikuwa unashuka kutoka msitu wa Magamba kila alasiri, giza likiingia huoni mkono wako mwenyewe, sasa nani angehangaika kuuliza mwezi uko wapi? Nikazunguka kila nyumba nikawaambia wazime chemli na vibatari. Jirani yangu Mama Zaina, muuza mboga, akaniambia, "Balozi, mgeni akiona giza peke yake hataguswa. Mimi nitapita na tenga langu nianguke mtaroni." Nikamkatalia. Halafu nikafikiri, nikarudi nikamwambia haya, ila uanguke taratibu.

Jumamosi yenyewe upepo ukavuma tangu mchana ukafagia ukungu wote. Sikushtuka. Bwana Maendeleo alifika jua limeshazama nyuma ya milima ya ng'ambo, giza limeanza kushika vizuri, mtaa mzima uko nje kimya. Akamwamkia Bi Mwanaidi, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, "Marahaba mwanangu," nami nikasimama mbele yao, mgongo kwenye mlima, nikaanza hotuba. Nikasema hili ndilo giza letu, Bwana, giza ambalo mtu na jirani yake hawaonani uso.

Nikiwa hapo hapo kwenye neno "uso", nikaanza kuuona uso wa Bwana Maendeleo. Kwanza meno, halafu vifungo vya sweta, halafu watu wote nyuma yake, mmoja mmoja, hadi mistari ya khanga zao. Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Nikageuka.

Jamani, mimi nimezaliwa milima ile, lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Mwezi ulikuwa unatoka juu ya mgongo wa mlima, mpevu, mkubwa mpaka miti ya msituni juu kule ilionekana imesimama ndani yake. Ukajivuta taratibu, na mwanga ukawa unateremka mashambani, tuta kwa tuta, ukagusa migomba, ukagusa mabati ya kanisa na ya msikiti, ukafika miguuni petu. Mzee mmoja akasema, "Subhanallah," kwa sauti ndogo sana. Bwana Maendeleo akavua kofia. Nilisahau taa, nilisahau kama nina hotuba mdomoni.

Sasa Mama Zaina alikuwa amejificha nyuma ya nyumba, hakuna aliyekwenda kumwambia aache. Akatokea. Akaja na tenga kichwani, akasimama kando ya mtaro, akautazama huku na huku akitafuta pasipo na tope, akatua tenga chini, akajifunga khanga vizuri, akakaa ukingoni, akajiteremsha. Kisha akasema, kwa sauti ile ile anayoitia wateja, "Maskini mimi, nimeanguka, sioni."

Mwanga ule ungeweza kuokotea sindano. Watu walicheka mpaka wengine wakashika miti. Mimi nikasikia masikio yanawaka moto, nikarudi nyuma nijifiche kwenye kivuli cha mkaratusi, na mguu ukakosa ardhi. Nikaingia mtaroni mzima mzima, chali, tope hadi kilembani.

Bwana Maendeleo akaja, akainama. "Na wewe, Mama, ulipangwa?"

"Hapana, Bwana," nikasema. "Mimi nimeanguka mwenyewe."

Akanivuta nikatoka. Bi Mwanaidi akasogea na mkono wake uliofungwa, akasema pole pole, "Mwanangu, siku niliyoanguka mimi mwezi huu haukuwepo. Wenyewe una siku zake, na wazazi hawangoji." Kijana akautazama ule mkono, halafu akautazama tena mlima, akasema, "Nimeona, bibi." Kuku alimla nje akiutazama mwezi, hakutaka kuingia ndani, na baridi yote ile.

Taa zilikuja kabla ya mvua, ndogo, za mwanga wa njano. Zilikuja na agizo kwamba siku za mbalamwezi zizimwe ili mafuta yasipotee, na mwenye kazi ya kuangalia angani na kuzizima ni balozi. Basi kwa miaka mingi mtaa mzima ukawa unanipigia kelele mlangoni, "Balozi, leo tuna giza au hatuna?"

Nami nimeapa, shida ikiwa ya kweli naieleza kama ilivyo kwa mdomo wangu, na anayetaka kuanguka aanguke kwa shughuli zake mwenyewe.