Darubini ya Mzee Anord

Mzee Anord alinichosha. Alitoka Mafinga kuja dukani kwangu hapa Iringa kuchagua darubini ya kutazamia ndege za abiria zinazopita juu ya misitu ya kwao, na kila niliyompa aliirudisha mezani kwa hasira.

"Hii nayo inachezacheza, Bushiri. Ile yetu ilikuwa inatulia."

"Sasa hiyo yenu iko wapi, mzee?"

"Ilikuwa ya marehemu mke wangu, Rozalia. Siku ya kuanua matanga waligawa vitu vyake, ikaenda kwa kaka yake, kule Igowole."

Nikamwambia ukweli: mikono iliyopasua mbao kwa mashine miaka mingi kama yake lazima itetemeke, achukue ndogo isiyovuta vitu karibu sana. Akafoka kwamba ni kwa mikono hiyohiyo alikuwa anaona hadi rangi za mkia wa ndege.

Mara ndege ikasikika. Akachukua darubini kubwa kuliko zote mezani, tukatoka nje. Akasimama nyuma yangu na, bila kuniomba, akaegemeza mkono begani kwangu. Darubini ikatulia tuli.

Akaishusha kabla ndege haijapotea.

"Rozalia alikuwa mfupi kidogo kuliko wewe," akasema. Akanirudishia darubini, akashika njia ya stendi.