Nyumba ya Mwenye Cheti

Asubuhi ile nilitoa magodoro nje nikayapiga kwa fimbo. Ilikuwa Jumatatu, na kila Jumatatu, awepo mgeni asiwepo, nilipiga magodoro, nikafuta vioo vya taa, kisha nikanyunyizia maji sakafu ya veranda kabla ya kufagia. Nilifanya hivyo kwa sababu baba yangu alifanya hivyo.

Nyumba ilikuwa juu ya kilima, huku kwetu Nyanungu, kando ya barabara. Tuliiita resthausi. Waingereza waliijenga kwa mawe na mabati ili Bwana Shauri akitoka boma la Tarime kuja kusikiliza kesi za ng'ombe apate mahali pa kulala. Ilikuwa na vyumba viwili, sebule yenye meko, na mlango mmoja mzito wa mninga. Nyuma yake, hatua kama arobaini, kulikuwa na banda la nyasi. Humo walilala wapagazi, tarishi, mkalimani na Mwafrika yeyote aliyeingiliwa na giza njiani. Baba alikuwa mpishi na mtunzaji wa nyumba ile. Alilala bandani na mama, na mimi nilizaliwa humo.

Sharti lilikuwa moja: hakuna anayelala nyumba ya mawe bila cheti cha boma. Lilibandikwa nyuma ya mlango kwa Kiingereza, na nilipofika kidato cha pili nilimsomea baba, ingawa alilijua kwa moyo. Nakumbuka masika moja alipougua homa. Banda lilivuja hadi mkeka ukaloa. Nyumba ya mawe ilikuwa tupu, ufunguo ulikuwa kwenye kamba ya kaptula yake, naye alilala pale pale kwenye maji akitetemeka. Nilimtazama nikajivunia. Niliita jambo lile uaminifu.

Uhuru ulipokuja, Bwana Shauri alikwenda zake. Nyumba ikawa ya serikali yetu, ufunguo ukawa wangu, na sharti likabaki kwa sababu sikuliondoa. Hakuna aliyeniagiza kulishika. Hilo nataka lieleweke mapema.

Sitazitaja koo mbili zilizopigana. Anayezijua anazijua, na asiyezijua hatapata faida. Ilianza kwa ng'ombe walioibwa, ikaenda kwenye mpaka wa shamba, kisha kijana wa upande wetu akaokotwa korongoni akiwa na mshale shingoni. Siku iliyofuata vijana wetu walivuka korongo na kuchoma nyumba za watu wa ng'ambo. Nao wakaja kuchoma zetu. Kufikia Jumatatu ile tulikuwa tumezoea moshi kiasi cha kupiga magodoro huku tukiutazama.

Jumapili nilikuwa nimeletewa ujumbe kwamba maofisa wa wilaya wangekuja Jumanne kusuluhisha, na wangelala resthausi. Kwa hiyo nilitandika shuka nyeupe. Nilifurahi. Ilikuwa muda mrefu nyumba haijapata mgeni wa maana.

Mchana walikuja watu kutoka bondeni, kumi na mmoja, wengi wao wanawake na watoto. Mbele alikuwa Bhoke, mke wa marehemu kaka yangu, amemshika mkono mama yangu mzazi, ambaye nyonga yake ilikuwa mbovu na alitembea kwa kuvuta mguu. Baada ya baba kufa, mama alikuwa akiishi kwa Bhoke. Nyuma yao alikuja Nyangi, binti wa Bhoke, wa miaka minne, amebeba kibuyu kitupu.

"Shemeji, fungua," Bhoke alisema. "Kwetu kumekwisha."

"Kesho wanakuja wageni wa serikali. Nimeshatandika."

"Na sisi ni nani?"

"Nendeni bandani. Nafasi ipo."

"Banda ni nyasi. Huoni wanachofanya na nyasi?"

"Bila cheti siwezi."

Alicheka, lakini hakukuwa na furaha katika kicheko kile. "Cheti. Nirudi nikawaombe walionichomea nyumba waniandikie?"

Mzee mmoja mwenye upinde, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya veranda, alitema mate. "Mwache, mwanangu. Huyo anamngoja Mzungu wake. Hajapata habari kwamba aliondoka."

Wengine walicheka. Nilikasirika. Naandika haya nikiwa mtu mzima sana, na bado nakumbuka kwamba hasira ile ndiyo iliyofunga mlango kuliko sharti lenyewe. Ningeweza kufungua kabla hawajanicheka. Baada ya hapo niliona nikifungua nitakuwa nimeshindwa.

Mama ndiye aliyemaliza ubishi. "Acheni kumsumbua mtoto," alisema. "Anatunza mali ya watu. Mimi nimelala bandani miaka yote na sijafa." Akaanza kujivuta kuelekea nyuma. Alijua njia. Nyangi akamfuata.

Bhoke alinitazama kidogo, kisha akachukua ndoo yangu ya kunyunyizia na kushuka kisimani.

Ilikuwa kama saa tisa. Nilikuwa verandani nakunja chandarua.

Ndege waliruka kutoka kwenye mahindi, wote kwa pamoja.

Kisha filimbi.

Walitoka kwenye mahindi wakiwa wameinama, wamejifunga majani vichwani. Sikuwahesabu. Mzee wa upinde alisimama, akavuta mshale mmoja, akaanguka kabla hajauachia.

Watu bandani walianza kupiga yowe na kukimbia.

Nilikuwa na ufunguo kwenye kamba kiunoni. Niliuchomoa. Nilifungua mlango wa mninga, nikaingia, nikafunga nyuma yangu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilifungua haraka sana, na nilifungua kwa ajili yangu.

Kuna aliyegonga. Viganja, si ngumi. Aligonga mara tatu au nne, kisha nikasikia miguu ikikimbia.

Nilisogea dirishani. Mmoja wao, kijana tu, alikuwa amesimama kando ya banda na kijinga cha moto, akikipuliza kwa utulivu kama anayewasha jiko la nyumbani kwao. Akakichomeka kwenye nyasi.

Mlango wa banda ulikuwa upande wa pili. Nilimngoja mama atokee pembeni.

Hakutokea.

Waliondoka na ng'ombe wetu wakiimba. Nyumba ya mawe hawakuigusa. Haishiki moto, na wao hawakuwa na haja nayo.

Nilipotoka, paa la banda lilikuwa limeshaanguka. Wengine walikuwa wametawanyika vichakani, wazima. Mama hakuweza kukimbia na Nyangi hakukubali kumwacha. Aliyetoka mwisho aliniambia kwamba mtoto alikuwa ameshika nguo ya bibi yake kwa mikono miwili.

Bhoke alipanda kutoka kisimani na ndoo kichwani. Kwa mbio zile maji mengi yalikuwa yamemwagika. Yaliyobaki aliyamimina kwenye makaa. Yalitoa sauti ndogo tu. Kisha akageuka, akaona mlango ulio wazi nyuma yangu.

"Kumbe unafunguka," alisema.

Tuliwazika siku iliyofuata, wote watatu: mama, Nyangi na mzee wa upinde. Wakati wa maziko mvua ilianza, ikanyesha kwa siku mbili. Niliuacha mlango wazi. Niliwasha meko, nikatoa shuka zote na mablanketi, nikawaita watu kwa majina. Hakuna aliyeingia. Walikaa nje, akina mama wamewafunika watoto kwa khanga zilizoloa, wakitazama upande mwingine. Mtoto mmoja alijaribu kupanda ngazi, na mama yake akamvuta kwa mguu.

Maofisa walifika Alhamisi kwa Landrova. Mkubwa wao alinisalimu vizuri, akafungua mkoba, akanipa cheti. Kilikuwa na mhuri. Vyumba viwili, siku mbili. Nilikipokea kwa mikono miwili kama baba alivyonifundisha, nikawaonyesha vitanda. Walilala. Asubuhi mmoja alilalamika kwamba mto wake unanuka moshi.

Watu husema vita vilituondolea mengi, na ni kweli. Lakini mimi siwezi kuwatwisha watu wa ng'ambo mzigo wote. Wao walileta moto. Mahali pa kuutia niliwaonyesha mimi, nikawapangia na watu ndani. Yule kijana mwenye kijinga hakumjua mama yangu. Mimi nilimjua.

Miaka imepita. Mlango wa mninga uliibwa, madirisha pia, lakini mawe yapo na nusu ya mabati ipo. Bhoke bado hai. Anachunga mbuzi wachache kilimani, na mimi napita hapo nikienda shambani. Mvua ikianza, mbuzi hukimbilia ndani, hujisaidia sebuleni, hulala popote wanapotaka. Huwa namsalimu. Haitikii.

Yeye hubaki nje. Hujifunika gunia kichwani, husimama pale banda lilipokuwa, na kungoja mvua ikatike.