Gari Lililofungwa Mdomo

Mume wangu alikuwaga dereva wa meneja wa kiwanda cha kuchambulia pamba, Bunda. Majina ya wote nitakaowataja ninayo kichwani, hata la mbwa wa meneja, ila siyaandiki. Wajukuu zao tunasali nao kanisa moja.

Gari lenyewe lilikuwa refu, jeupe, na ndani lilikuwa na ubaridi. Wajukuu zangu leo wakipanda gari wanasema tu "washa AC". Wakati ule, miaka ya vijiji vya ujamaa, mimi sikujua gari jingine Bunda lenye kitu hicho, na watu walilisema kweli kweli. Kisimani Manyamanyama wanawake walinichokozaga: "Mama watoto, bosi wenu anasafiri na baridi yake? Na huu ujamaa ni wetu sisi wa jua tu?" Wanacheka, na mimi nacheka nao, nateka maji yangu.

Meneja alikuwa na pumu. Vumbi la barabara likimwingia, au nyoya za pamba, kifua kinapiga filimbi mpaka unamwonea huruma. Lakini akifunga vioo na ule ubaridi ukavuma, anapumua kama watu wengine. Alikuwa mtu wa haya, hakupenda ugonjwa wake utangazwe. Bora asemwe anaringa.

Basi msimu mmoja, pamba imejaa kiwandani mpaka nje, ubaridi ukakataa. Feni inavuma, hewa inatoka, lakini ya moto kama unapuliza jiko. Meneja alivumilia. Halafu siku moja akarudi kutoka vijijini vioo vikiwa wazi, nyusi nyekundu kwa vumbi, hawezi kumaliza neno. Akamwambia mume wangu, "Ndugu dereva, wakubwa wa Musoma wanasema wewe ndiye umeliharibu. Wakileta dereva mwingine... mimi sitakuwa na la kusema. Litengeneze."

Mume wangu alikuja nyumbani hakugusa ugali. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya dereva, haikuwa yetu. Kijijini tulikoandikiwa kuhamia, kiwanja kilikuwepo, nyumba hakuna, na mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonya.

Sasa mwelewe desturi ya kiwandani. Mle ndani kila mtu anafungaga kitambaa puani na mdomoni, maana asiyefunga, jioni anakohoa pamba. Mume wangu mwanzoni mwa msimu aliomba vitambaa, akaviunga mwenyewe kwa sindano ya magunia, akavifunga mbele ya gari, nyuma ya ile nyavu ya chuma, usivione ukisimama nje. "Sisi tunafungwa mdomo, nalo lifungwe," alisema. Wenzake wa malori ya kiwanda walimsifu kwa akili hiyo. Ubaridi ulipokataa, akasema ni nyoya zimepenya, zinakula baridi. Akaongeza kitambaa cha pili juu ya kile cha kwanza. Mshale wa joto la injini ukawa unapanda, yeye anaongeza maji kwenye rejeta, anaendelea.

Meneja alikuwa na mkutano Musoma. Mume wangu akaniombea lifti nimpeleke mtoto hospitali. Njia nzima vioo wazi, meneja kajifunga kitambaa chake cha kiwandani usoni, macho tu yanaonekana. Mkutano ulipokwisha akatupitisha kwa fundi mmoja karibu na soko, Mjaluo mcheshi aliyekuwa akitengeneza na majokofu ya samaki.

Fundi alifungua boneti, akashika bomba moja, akashika la pili. "Gesi ipo," akasema. "Mkanda unazunguka." Akapeleka mkono mbele ya rejeta, akautuliza pale. "Dereva, mbona huku hakuna upepo hata kidogo?"

Mume wangu akainama kuangalia.

Fundi akafungua nyavu ya chuma, akavuta. Ikatoka kama godoro! Pamba, vumbi, panzi, na wale wadudu wa ziwani wanaopandaga kama moshi, vyote vimeshikana kwenye kitambaa.

"Shemeji!" akaniita mimi. "Mumeo amelikaba gari pua, halafu analiuliza mbona halipumui!" Mafundi wenzake wakaacha kazi, wakaja kuangalia. Akamgeukia mume wangu, sasa bila utani. "Joto la mle ndani linatolewa na hizi bomba za mbele. Upepo usipopita kulichukua, litakwenda wapi? Linabaki, na baridi huipati."

Akachukua ndoo, akaanza kusafisha bomba kwa maji, taratibu. Mimi nilikuwa namwangalia meneja, si gari. Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu pembeni, ameona yote.

"Nani alifunga?" akauliza.

"Ni mimi, mzee," mume wangu akasema. "Niliona lisije likakohoa."

Meneja alimtazama, na kitambaa bado kiko usoni. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani pumu imemshika, nikasimama na mtoto. Kumbe anacheka, mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na mume wangu akakimbilia maji ya kunywa. Alipopata pumzi akakishusha kile kitambaa hadi shingoni. "Uliona mimi kinanisaidia," akasema. Basi.

Tulirudi vioo vimefungwa. Hewa iliyotoka mle sijui niielezeje, kama asubuhi ya mvua, na mtoto nilimfunika khanga. Meneja alisinzia kabla hatujauacha mji. Nilisikiliza kifua chake njia nzima, hakuna filimbi. Mume wangu aliendesha polepole, kila shimo analikwepa kama amebeba mayai.

Tulipofika Bunda meneja akaamka, akajipangusa uso. "Kesho uje mapema," akamwambia mume wangu. "Tuna safari ya Butiama. Na wale wa malori nao, waambie wavue hivyo vitambaa."

Maana walikuwa wamemuiga.

Nyumbani nilifungua gunia la vyombo nililokuwa nimekwisha kulifunga kwa ajili ya kuhama, nikatoa sufuria, nikabandika maji ya ugali.