Nafasi Kando ya Ua

Shangazi yangu aliachana na mumewe kabla sijazaliwa, akarudi Gesima kwa baba yake. Babu alimwonyesha kipande cha mteremko, akapanda chai. Nilikua nikimwona na kikapu mgongoni, sketi imelowa umande, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Kwenye kituo cha kuuzia chai wakulima walimchagua mwenyekiti, wakamrudisha kila uchaguzi, kwa kuwa hakuogopa kugombana na karani wa mizani. Shamba lile sote tuliliita kwa Shangazi.

Alipofariki mwaka jana, nilijua atazikwa mbele ya nyumba yake, akiitazama chai yake. Wazee wa ukoo wakakataa. Kwetu mke huzikwa ubavuni mwa nyumba ya mumewe. Binti aliyerudi kwao huzikwa pembeni, kando ya ua. Nikawapandishia sauti. Nikawauliza kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kupalilia pale. Baba yangu, ndugu yake wa tumbo moja, alinishika mkono.

"Nyamaza, mama. Ndivyo ilivyo." Naye alikuwa analia.

Tukamzika kando ya ua, chini ya migomba, karibu na barabara. Juma lililofuata mke wa kaka yangu alikuwa anachuma ile chai.

Mimi nina kazi ya kudumu mjini Kisii, yenye pensheni. Sijaolewa. Kila nikienda nyumbani, macho yangu hukimbilia kwenye ua ule. Kando ya Shangazi pamebaki nafasi.